Karata Mpya, Macho Yale Yale

Ndugu mwenyekiti, wakongwe wa kazi hii mlioketi mbele, na vijana mliosimama kule nyuma mkichanga karata mkidhani siwaoni: salamu kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya karata mpya na zana mpya za kiinimacho. Aliyenialika alitaka nitaje kilichoingia sokoni. Nikianza kazi hiyo tutakesha hapa, na kabla hakujapambazuka vitakuwa vimeingia vingine. Nitafanya jambo jepesi zaidi. Nitawaeleza ninavyokipima kitu kipya kabla sijatoa fedha yangu, na kwa nini vingi huishia kusifiwa dukani bila kufika kwenye mkoba wangu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na sidhani kuna watu usemi huu umewakaa mwilini kuliko sisi. Kila mmoja wetu ana droo. Mnaijua droo ninayoisema. Imejaa vitu vilivyofunguliwa mara moja, vikajaribiwa mbele ya kioo, vikarudishwa kwenye boksi, na boksi likapangwa vizuri kana kwamba iko siku litaulizwa.

Kipimo changu ni hiki. Mtu anayekuja kutuangalia huja na shaka. Hata akiwa mpole, hata akiwa shangazi yako, shaka analo, na halimtoki. Lazima lishuke mahali. Litashuka kwenye kiganja chako, au kwenye mkono wa koti, au kwenye meza, au kwa yule bwana wa safu ya pili aliyeitwa jukwaani "kwa bahati tu". Kila zana unayoitoa mfukoni inalihamisha shaka hilo. Basi nikionyeshwa kitu kipya siulizi kinafanya nini, maana hilo muuzaji ameshalijibu kwa mbwembwe zote. Nauliza: nikikishika hiki mbele za watu, shaka litahamia wapi? Likihamia mahali pasipo na kitu, nanunua. Likihamia pale pale siri ilipo, nashukuru na kuondoka.

Aliyelielewa jambo hili vizuri ni Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1805, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe na kufungua ukumbi wake Paris mwaka 1845. Alikuwa na sanduku dogo. Mtoto angeweza kulinyanyua, kisha punde si punde mwanamume wa miraba minne akalivuta mpaka jasho likamtoka, na sanduku halijaachana na sakafu. Siri yake ilichapishwa tangu karne ya 19, kwa hiyo sivunji kiapo cha mtu yeyote nikisema kwamba chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na kwenye kitako cha sanduku palikuwa na chuma. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, na sanduku hilo lilikuwa miongoni mwa vitu alivyovionyesha huko.

Sehemu ninayoipenda ni inayofuata. Kadiri miaka ilivyokwenda, watu wa kawaida walianza kujua kwamba umeme hukigeuza chuma kuwa sumaku. Robert-Houdin angeweza kulitupa sanduku akatafuta mchezo mwingine. Hakulitupa. Aliongeza kapi. Baada ya sanduku kugoma sakafuni, alilitundika kwenye kamba iliyopanda darini na kupita kwenye kapi, akampa mtazamaji ncha ya pili aishike. Sasa sanduku linaning'inia hewani, limeachana kabisa na sakafu, na bado ni jepesi akitaka liwe jepesi na ni zito akitaka liwe zito. Likizidi uzito, yule mwenye kamba ndiye anayepanda juu. Aliyekuwa ameanza kunong'ona habari za sumaku chini ya zulia akabaki ameishika nadharia yake mkononi, hana pa kuiweka.

Angalieni alichonunua: kamba, ndoano na kapi, vitu vya bandarini. Hakuna hata kimoja kilichong'aa. Lakini alijua shaka limefika wapi, akalisogeza hatua moja mbele.

Sasa tuje kwenye karata, maana najua ndizo zilizowaleta.

Karata ina bahati ambayo zana zetu nyingine nyingi zimeipoteza: mtazamaji amewahi kuishika nje ya mikono yetu. Amecheza nazo, ameshinda, ameibiwa, amegombana na shemeji yake. Ukiiweka jozi ya kawaida mezani hakuna anayeishangaa. Ndiyo sababu jozi ile yenye malaika juu ya baiskeli imeendelea kutawala kazi yetu. Jina la Bicycle lilianza kutumika mwaka 1885 katika kiwanda cha Russell & Morgan, Cincinnati, Marekani, ambacho baadaye kilikuja kuwa United States Playing Card Company. Kiwanda kilihamia Kentucky mwaka 2009, na mwaka 2019 kampuni ikanunuliwa na Cartamundi ya Ubelgiji. Kila badiliko la namna hiyo linapotokea hawakosekani wazee wa kusema karata za zamani zilikuwa tamu zaidi. Wengine wana haki. Wengine mikono yao ndiyo iliyobadilika.

Karata nzuri ya karatasi si karatasi moja. Ni mbili, zimegandishwa kwa gundi nyeusi ili mwanga usipenye. Iinue mbele ya taa na hutaona upande wa pili. Juu yake pamekandamizwa vijishimo vidogo mno, hewa hukaa humo, na ndiyo maana karata mbili zinateleza badala ya kung'ang'aniana. Ukubwa tunaoutumia wengi wetu ni milimita 63 kwa 88. Ile nyembamba, ya milimita 57 kwa 88, inamfaa mwenye viganja vidogo, na hakuna aibu yoyote kuitumia, ingawa wapo wanaoidharau kwa sababu tu hawajawahi kuficha karata kiganjani mbele ya mtu aliyesimama ubavuni.

Nikipewa jozi mpya, mgongo wake mzuri nauacha kwanza. Nachukua karata kama kumi, nazisawazisha, napitisha kidole gumba ukingoni, kutoka usoni kwenda mgongoni, kisha kinyume chake. Upande mmoja ni laini, upande wa pili unakwaruza kidogo. Hapo kidole kimesoma kisu cha kiwanda kiliingilia wapi. Halafu naikata jozi katikati, 26 kwa 26, nazikutanisha pembe kwa pembe, na kuziingiza kila moja kati ya mbili. Karata zilizokatwa upande mmoja huingiana kwa utulivu zikianzia juu. Zilizokatwa upande wa pili zinataka uanzie chini. Mkono usiolijua hili utahangaika mwezi mzima ukijilaumu, kumbe ni kisu tu. Mnaofanya uchangaji huo kwa usahihi mnafahamu kwamba ukiacha karata ya juu ibaki juu na ya chini ibaki chini, mara 8 bila kosa zinairudisha jozi nzima ilivyokuwa. Kuna michezo inasimama juu ya hesabu hiyo peke yake, na karata iliyokatwa ovyo inaibomoa mara ya tatu.

Kisha nainama kuangalia zilivyopangwa. Jozi ya Bicycle inayotoka kiwandani ina mpangilio wake: shupaza kuanzia ree hadi mfalme, uru vivyo hivyo, kisha pau kuanzia mfalme kurudi kwenye ree, na kopa vivyo hivyo. Mpangilio huo ni mali. Mtu anayevunja lakiri mbele ya hadhira, na hadhira ikashuhudia kwamba jozi haijaguswa, ameshapewa karata 52 anazojua kila moja ilipo, na shaka lote limebaki kwenye karatasi ya nailoni sakafuni. Jozi nyingi za kisasa zilizochapwa kwingine hazifuati mpangilio huo. Kabla hujalipia jozi kumi kwa ajili ya mchezo wako wa lakiri, fungua moja.

Na jokeri msizitupe. Bamba moja la uchapaji la kiwanda hicho lina nafasi ya karata 56. Ukitoa 52 za mchezo na jokeri 2, zinabaki nafasi 2. Zamani nafasi hizo zilijazwa tangazo au maelezo ya michezo. Watengenezaji wa sasa wametambua wanamuuzia nani, wanatia humo karata yenye mgongo pande zote, au yenye uso mtupu, au malkia wa kopa wa pili. Kwangu mimi huo ndio upya wenye thamani kuliko foili yoyote, yaani ule utando wa metali unaong'arisha migongo ya karata. Karata ya ajabu inayolingana rangi, unene na mtelezo na jozi yake yenyewe ni jambo ambalo waliotutangulia walikaa na wembe na gundi usiku kucha kulitafuta.

Foili, sasa.

Tangu tovuti ya michango ya Kickstarter ilipoanzishwa mwaka 2009, msanii yeyote mwenye mchoro mzuri anaweza kukusanya fedha za wanunuzi kwanza, kisha akachapa. Matokeo yake tunayaona: mafuriko ya jozi. Nyingine ni kazi za sanaa kweli kweli, nami ninazo kadhaa kabatini ambazo sijazivunja lakiri wala sitazivunja. Vijana wanaorusha karata hewani na kuzizungusha vidoleni bila kuficha chochote wamefaidi, maana kwao mgongo wa karata ndio onyesho lenyewe. Mistari ikizunguka inachora duara, rangi zinafunguka kama ua. Wao wachague kwa jicho. Sisi kazi yetu ni nyingine.

Toa mfukoni jozi nyeusi yenye dhahabu, sikiliza neno la kwanza la mtazamaji. Hatasema "karata nzuri". Atasema, "Mbona karata zako ziko hivi?" Hapo umekwisha. Ufanye miujiza saa nzima, akifika nyumbani atamwambia mwenzake kwamba jamaa alikuwa na karata zake maalumu. Zinaweza kuwa karata safi kuliko zote mjini, na bado zimebeba lawama zisizo zao. Siwakatazi. Kama mhusika wako jukwaani ni mpiga ramli wa karne iliyopita, au mcheza kamari tajiri, jozi ya namna hiyo inamvalisha. Kama hukusudii mtu azishike, sawa. Ila kwa kazi ya mezani, ya karibu, ambapo uhai wako wote ni mtu kuichanga jozi mwenyewe na kukurudishia, unajiuzia shaka kwa bei ya juu.

Kuna mambo ya mgongo ambayo picha ya dukani haikuonyeshi. Ukingo mweupe, kwa mfano. Karata iliyogeuzwa ndani ya jozi yenye ukingo mweupe inajificha yenyewe, kwa sababu uso wake ni mweupe na ukingo wa jirani zake ni mweupe. Ukizisogeza kidogo hakuna kinachoonekana. Chukua sasa jozi isiyo na ukingo, ambayo nakshi inafika mpaka mwisho wa karatasi, kama zile za chapa ya Bee zilizoanza mwaka 1892. Ukigeuza karata moja humo, unene wa uzi tu ukijitokeza, inapiga kelele. Kwa upande mwingine, anayegawa karata ya pili huku akiacha ya juu atazishukuru karata hizo hizo, maana nakshi inayojaa haionyeshi mstari ukisogea. Kwa hiyo ukisikia fundi mmoja anaisifu jozi na mwingine anaiponda, waulize kwanza kila mmoja anafanya mchezo gani.

Halafu uso. Wabunifu wanapenda kuchora upya nyuso: mfalme ana miwani, kopa imekuwa moyo wa daktari wenye mishipa, tarakimu za pembeni zimepinda kama moshi. Mtazamaji ana nusu sekunde ya kuiona karata, tena akiwa na wasiwasi, watu wanamtazama. Akitoka hapo hana hakika kama ilikuwa saba au moja, mchezo umekufa na wewe hujui. Umeifichua karata yake kwa madaha, naye anakutazama kama umemwita kwa jina la jirani. Na wale mnaopanda jukwaa lenye taa za rangi, lijaribuni hili kabla ya siku yenyewe: washeni taa nyekundu, inueni kopa au uru. Rangi nyekundu chini ya taa nyekundu inafifia mpaka karata inaonekana nyeupe tupu. Hakuna mchapaji wa kumlaumu hapo. Ndivyo nuru ilivyo. Zungumza na fundi taa, au chagua shupaza.

Karata zenye kingo zilizopakwa dhahabu hung'ang'aniana mwanzoni. Zichange sana kabla ya kuzipandisha kazini. Karata za plastiki zinastahimili maji na jasho, ila zinarudi sawa kila ukizikunja, na michezo yetu mingi huishi kwa ile kumbukumbu kidogo ya mkunjo ambayo karatasi inayo. Karatasi nayo hunywa unyevu wa hewa, ikavimba na kupinda. Ndiyo tabia yake. Jozi ni kitu cha kutumika na kuisha, na mwanamazingaombwe anayebembeleza jozi moja miezi sita ili asinunue nyingine anajidanganya yeye kabla hajadanganya watu.

Juu ya karata zenye alama za siri mgongoni nitasema kidogo tu. Zilizopo sasa ni bora kuliko zamani, na nyingine zinasomeka umesimama wima. Lakini msinunue kwa kuzisoma nyumbani mezani chini ya taa yenu. Zisomeni mkiwa mnaongea. Anayenyamaza ili asome ameshajulikana, na macho yakienda mgongoni mwa karata yakakaa, mtazamaji naye atayapeleka ya kwake hapo hapo.

Tuache karata, tuingie kwenye zana nyingine.

Kilichobadilisha mkoba wetu kimya kimya ni sumaku. Zile ndogo zenye nguvu za ajabu, zenye madini ya neodimiamu ndani yake, ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1980. Kabla yake, sumaku yenye nguvu ilikuwa kubwa na haifichiki. Leo ipo ndani ya sarafu, ndani ya pete, ndani ya kalamu, ndani ya karata yenyewe. Imetupa michezo mizuri. Imetupa pia uvivu, maana kitu kinachonata chenyewe hakikudai kidole. Na watazamaji wamekwisha kuijua: ukifanya sarafu igande mahali, neno la kwanza linalotoka ni "sumaku". Tumerudi kwa Robert-Houdin na kapi lake. Mwenye akili hutumia sumaku mahali ambapo kitu hakionekani kunata popote, ambapo kazi yake yote ni kushikilia kitu kisipige kelele, au kukipeleka upande usiotazamwa. Zingatieni pia mambo ya kawaida: isogezeni mbali na mtu mwenye kifaa cha kuurekebisha moyo, isifikiwe na watoto wadogo, maana mbili zikimezwa hunasana ndani ya utumbo na kuleta madhara makubwa, na msiiache kwenye joto kali, huko hupoteza nguvu na hairudishi.

Vifaa vya elektroniki ndivyo vinavyotangazwa zaidi siku hizi. Karata zenye chipu zinazokuambia ipi imechukuliwa, pochi inayosoma kilichoandikwa, kitufe kinachotetemeka ndani ya soksi. Nimeona kazi nzuri sana zimejengwa juu ya vitu hivyo na sitaki kuonekana mzee anayechukia betri. Lakini betri ina tabia ya kufa pale watu wengi wanapotazama, na zana yenye betri inakudai uwe na njia ya pili mkononi. Ukishakuwa na njia ya pili nzuri, jiulize kama ile ya kwanza bado unaihitaji. Simu ndiyo mbaya zaidi kwa kipimo changu. Simu ya mwanamazingaombwe ikikaa mezani tu, hata imezimwa, inakula lawama zote. Mtazamaji wa leo akikosa maelezo husema "ni programu". Michezo ya simu inayonivutia ni ile inayofanyika kwenye simu ya mtazamaji, iliyotoka mfukoni mwake, huku ya kwako haionekani kabisa.

Kuhusu karatasi ya moto, ile inayowaka na kutoweka bila majivu, nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Hiyo ni nitroselulosi, binamu wa pamba ya baruti aliyoigundua mkemia Schönbein mwaka 1846. Inauzwa ikiwa na unyevu kwa sababu ikiwa kavu ni hatari. Ihifadhini ikiwa na unyevu, kausheni kiasi cha onyesho moja, msiikaushe karibu na joto, na msithubutu kuingia nayo kwenye ndege. Kila toleo jipya la zana za kurusha moto kutoka mkononi linakuja na picha nzuri, na watu wanaiga bila kusoma maelekezo. Moto ukiwa karibu na nywele za mtu aliyejitolea kusaidia, hakuna zana hapo, kuna uzembe.

Juu ya video za matangazo. Msidhani nazitukana, nyingine ni za kweli. Lakini jifunzeni kuzitazama kama anavyotazama mnunuzi wa gari lililotumika. Kamera imewekwa wapi? Kwa nini haijasogea kulia hata mara moja? Mikono imetoka nje ya picha wakati gani? Watazamaji wanaoshangilia, je, kuna aliyegusa kitu? Mchezo ukiisha, mtendaji anabaki na nini mkononi, na anakiweka wapi? Na baada ya hapo, inachukua muda gani kuuandaa tena? Anayefanya kazi ya kuzunguka meza hadi meza hana chumba cha kujificha kila baada ya dakika tano. Zana inayohitaji robo saa ya maandalizi inaweza kuwa ya ajabu jukwaani na ikawa mzigo tu karamuni. Majibu haya hayapo kwenye video, na muuzaji muungwana atakupa ukimuuliza. Asiyekupa ameshakujibu.

Tena, watazamaji wa leo wanaturekodi na kuturudisha nyuma polepole. Zana iliyobuniwa ili ipite jicho mara moja haikubuniwa ipite mara ishirini. Sioni kama hilo ni janga. Linatuelekeza kwenye michezo ambayo kazi chafu imekwisha kabla mtu hajafikiria kuiwasha kamera.

Kuna jambo moja la kale nataka niliweke hapa kwa sababu linahusu upya kuliko linavyoonekana. Seneca, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika barua akigusia wacheza kiinimacho na vikombe na vijiwe vyao, akasema udanganyifu wenyewe ndio unaomfurahisha, na akionyeshwa unavyofanyika hamu inamwisha. Vikombe alivyovitaja vilikuwa vya siki, vyombo vya mezani ambavyo kila nyumba ilikuwa navyo. Leo tunauziwa vikombe vya shaba, vizito, vimechongwa, vinameremeta, vinalingana vitatu kama askari wa gwaride. Ni vizuri sana. Mimi ninavyo. Lakini mtazamaji hajawahi kunywea kikombe kama kile, na anajua hivyo. Nimeona mtu akifanya mchezo ule ule kwa vikombe vya karatasi alivyoviokota mezani pa wageni, watu wakaondoka wakivichungulia vikombe vyao wenyewe kwa woga. Kwa hiyo mkija kwangu mkiniuliza toleo gani la vikombe ni bora mwaka huu, nitawauliza mnacheza wapi, na mezani mmekuta nini.

La mwisho linahusu nakala. Zana mpya ikitoka, haipiti muda mrefu utaikuta iliyoigizwa, rahisi, imetengenezwa vibaya, na aliyeibuni hapati kitu. Sheria haitusaidii sana hapa. Wazo la mchezo ni vigumu kulilinda, na kulisajili maana yake ni kulitangaza. Kinga yetu imekuwa heshima baina yetu. Mwanamazingaombwe Robert Harbin alipotoa mchezo wake wa Zig Zag mwaka 1965, ule wa mwanamke ndani ya kabati ambaye kiwiliwili chake kinasukumwa pembeni, uliigizwa kila kona. Mwaka 1970 alichapa kitabu cha nakala 500 tu, na aliyekinunua alipata ruhusa ya kuujenga. Wengi waliujenga bila hata kumjua kwa jina. Nawaomba hasa ninyi vijana: nunueni kwa aliyebuni, au kwa aliyepewa ruhusa naye. Kama bei imewashinda, subirini. Hakuna mtazamaji atakayesikitika kwamba hamkuwa na zana ya mwezi huu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karata nilizozisema ziko kwenye ile meza ya pembeni, jozi sita zimefunguliwa. Njooni mzishike, mzikate, mzichange, mpitishe kidole ukingoni. Katika hizo sita, mbili zina alama mgongoni, na moja kati ya hizo mbili iko mikononi mwa yule kijana wa nyuma tangu nilipoanza kuongea. Maswali nayapokea huko huko mezani.